Ngiri: kisu, matundu na kipande cha neti

Edoardo Bassini alichomwa singe kinenani mwaka 1867, akiwa daktari kijana aliyejiunga na wapiganaji waliotaka kuitwaa Roma kutoka kwa Papa. Alinusurika. Miaka 17 baadaye, huko Padova, alianza kupasua kinena cha watu wengine, kutibu ngiri.

Kabla yake, madaktari walifunga mfuko wa ngiri wakashona ngozi, na baada ya muda utumbo ukachomoza tena. Bassini aliufungua ukuta wa tumbo, akaujenga upya tabaka kwa tabaka. Kisha akawafuatilia wagonjwa wake kwa miaka, jambo ambalo wenzake wengi hawakujisumbua nalo. Katika upasuaji 262, ngiri zilizorudi hazikufika 10.

Tatizo lilibaki kwenye mshono, maana nyama iliyovutwa kwa nguvu huuma na huachia. Katika miaka ya 1980, Irving Lichtenstein wa Los Angeles aliacha kuvuta. Aliziba tundu kwa wavu wa plastiki, mgonjwa akiwa macho kwa ganzi ya sehemu tu. Unaambiwa ukohoe palepale mezani, daktari aone kama ukuta unahimili.

Upasuaji wa kupitia matundu madogo ulikuja kwa kishindo miaka ya 1990. Unalazwa kwa nusukaputi, tumbo linajazwa gesi, kamera inapita kitovuni na wavu unawekwa kwa ndani, nyuma ya ukuta. Maumivu hupungua na mtu hurudi kazini mapema. Wengi waliona kisu kimekwisha kazi.

Haikuwa hivyo. Mwaka 2004 utafiti wa hospitali za wanajeshi wastaafu Marekani ulionyesha kwamba, baada ya miaka miwili, ngiri ilirudi kwa asilimia 10.1 ya waliopasuliwa kwa matundu, dhidi ya 4.9 ya upasuaji wa wazi. Ila madaktari waliokwisha kufanya upasuaji zaidi ya 250 kwa matundu walipata matokeo mazuri zaidi. Kwa hiyo ningeuliza kwanza nani atashika kamera. Kwa ngiri ya pande mbili, au iliyorudi baada ya upasuaji wa wazi, matundu yana faida ya wazi: kwa iliyorudi, daktari hapiti kwenye kovu la zamani.

Huku kwetu Afrika Mashariki bei ya wavu nayo ina neno. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wanaume 302 wa mashariki mwa Uganda walipasuliwa kwa njia ya Lichtenstein. Nusu yao waliwekewa wavu wa dukani, wengine kipande cha neti ya mbu isiyo na dawa, iliyotakaswa. Baada ya mwaka mmoja, aliyerudiwa na ngiri upande wa neti alikuwa mmoja tu.