Lomami na Majira ya Baridi ya Berlin: Historia kwa Mwandishi wa Ikisiri ya Kwanza

Mji mdogo wa Opala uko kando ya Mto Lomami, kusini kidogo ya mstari wa ikweta, katika jimbo la Tshopo ambalo hadi mwaka 2015 lilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki. Mvua hunyesha huko karibu mwaka mzima, na miezi ya Desemba hadi Februari hutambulikana kwa kupungua kwa mvua tu, si kwa baridi. Hata hivyo, mwanafunzi wa Opala anayesoma katika Chuo Kikuu cha Kisangani, akitaka kupeleka kwa mara ya kwanza ikisiri ya mada katika kongamano la fasihi ya Kiswahili, huenda akajikuta amefungwa na baridi ya watu wengine. Kongamano la Bayreuth, Ujerumani, lililoanza mwaka 1987, kwa miaka mingi limekutana mnamo Mei au karibu yake. Basi ikisiri hutungwa wakati wenyeji wake wangali wamevaa makoti. Hilo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni swali linalomkabili mwandishi wa mara ya kwanza kalamu ikiwa mkononi: mtu wa Lomami ana nini cha kuwaambia wataalamu wa fasihi ambayo vitabu vingi vinaifungamanisha na pwani?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Nathari ya Kiswahili ya maisha na safari, ile iliyochapishwa kwa herufi za Kilatini mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ilifika kwenye kurasa za wanazuoni kupitia Berlin, na Lomami imo ndani yake. Lakini imo kwa namna ambayo mtu wa Lomami ana haki ya kuihoji.

Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa Berlin mwaka 1887. Kiswahili kilifundishwa hapo kwa maofisa na wafanyabiashara waliojiandaa kwenda Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na kila profesa wa Kijerumani alihitaji msemaji wa asili wa kumsaidia. Ndipo wenyeji wa Unguja na Mrima walipoanza kupitisha majira ya baridi huko. Amur bin Nasur, aliyefundisha kuanzia mwaka 1891 hadi 1895, aliandika habari za maisha yake, nazo zikatiwa katika mkusanyo wa fasihi ya Waswahili uliochapishwa na Büttner mwaka 1894. Mwaka 1901 Velten alitoa kitabu cha safari za Waswahili. Humo Sleman bin Mwenye Chande anasimulia safari ya bara hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na Mngazija Selim bin Abakari anasimulia jinsi alivyomfuata bwana wake Bumiller mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia.

Yafaa kutua kidogo kwa huyu Selim. Mtu wa visiwani kuisimulia Siberia kwa Kiswahili ni jambo lililohitaji lugha kujinyoosha. Baridi aliyoizoea Mswahili ni ya kipupwe, ambayo imefungamana na upepo wa kusi. Kwa yaliyozidi hapo lugha ilikuwa na maneno mawili ya kuazima: theluji, lililotoka katika Kiarabu, na barafu, lenye asili ya Kiajemi. Mwandishi wa Opala anayejaribu leo kuyaeleza majira ya kwao kwa Kiswahili sanifu hukutana na taabu hiyo hiyo kwa upande wa pili, kwani msitu wa Lomami haujui kusi wala kaskazi, na maneno vuli na masika huko hayagawi mwaka kama yanavyougawa Unguja. Hapo pekee pana mada ya kutosha.

Aliye mashuhuri zaidi kati ya wahadhiri hao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Berlin tangu mwaka 1900. Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903, kwa sehemu kubwa ni kazi ya kalamu yake, lakini jina lililosimama kwenye jalada ni la Velten. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata walisafiri kurudi Afrika, na serikali ya kikoloni ikawakatalia kushuka Dar es Salaam. Ikambidi arudi Ujerumani na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 1927. Mtu aliyewafundisha watawala desturi za nchi yake alizuiwa asiikanyage nchi hiyo. Jina lake lilirudishwa kwenye kichwa cha kitabu mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ilipochapishwa huko California. Ni miaka 78 baada ya chapa ya kwanza.

Sasa tuje Lomami yenyewe. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliandika habari za maisha yake kwa herufi za Kiarabu kwa kuombwa na Heinrich Brode, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Unguja. Brode aliyageuza maandishi kuwa ya Kilatini, na jarida la Seminari ya Berlin likayachapisha mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Tawasifu hii haina baridi hata chembe. Ina pembe za ndovu, mahesabu, vita, na mito. Katika mojawapo ya sehemu zake zenye mvuto mkubwa, msimulizi anavuka Lomami ya juu na kuingia Utetera, ambako anamshawishi mtawala Kasongo Rushie kwamba wao ni jamaa kwa upande wa kike. Anapewa utawala kwa nguvu ya hadithi. Naona wahakiki wameishughulikia sehemu hii mno kama ushahidi wa ujanja wa mfanyabiashara, na kidogo mno kama tukio la kifasihi: mtu anatunga nasaba, anaisimulia mbele ya wasikilizaji wanaojua nasaba ni nini, nao wanaikubali. Kwa nini waliikubali? Kitabu kinatupa jibu la upande mmoja.

Opala iko mbali sana kaskazini ya Utetera, kwenye Lomami ya chini, karibu na Isangi ambako mto huo unamwagikia Kongo. Kwa Wambole na jirani zao, watu wa misafara ya aina ya Tippu Tip hawakuwa wasimulizi. Walikuwa wakamataji, waliokumbukwa sehemu nyingi za mto kwa jina la Batambatamba. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo. Aliondoka mwaka 1890, na vita vya 1892 hadi 1894 vikauvunja utawala wa wenzake. Lugha yao haikuondoka. Ilibaki vinywani mwa watu kwa jina la Kingwana, ikikutana na Lingala ya jeshi na ya mashua katika eneo hili hili.

Mwaka 1928 una mambo mawili ambayo sijaona yakiwekwa pamoja mara nyingi. Mwaka huo mkutano wa Mombasa, uliohudhuriwa na Profesa Meinhof, ulipendekeza Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka huo huo, huko Wayika kwenye Mto Lualaba, wamisionari John na L.F. Whitehead walichapisha mwongozo wao wa Kingwana. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilihusu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ilibaki nje. Tangu hapo anayesema batu na batoto ameonekana kuwa amekosea, ingawa lahaja yake ilikwisha kuandikiwa kitabu kabla kamati haijaundwa. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na swali la Kiswahili kipi kitasemwa mezani limekuwa la kiserikali pia.

Mwanafunzi wetu basi ana mada. Maandishi ya Tippu Tip yanapatikana kwa Kiswahili pamoja na tafsiri ya Whiteley ya miaka ya 1958 na 1959, na kwa Kifaransa katika tafsiri ya François Bontinck ya mwaka 1974, ambayo ina maelezo mengi kuhusu Kongo na inamfaa zaidi msomaji wa Kisangani. Kisichopatikana katika maktaba ni masimulizi ya upande wa pili wa mto. Lilwa, taasisi ya Wambole ya jando na hukumu, inajulikana Ulaya na Marekani hasa kwa sanamu za watu walionyongwa zilizowekwa katika majumba ya makumbusho, zikiwa kimya. Wazee wa Opala husimulia kwa lugha yao. Mwanafunzi atawasikiliza kwa Kimbole na kuwasilisha kwa Kiswahili, kazi ileile ya Brode na Velten, safari hii mikononi mwa mtu wa nyumbani. Ratiba ya kongamano kwa kawaida huwa na mstari mmoja wa jina la mwasilishaji, na huchapwa kama ikisiri ilivyopokewa. Jina la mzee aliyesimulia liandikwe humo, pengine katika kichwa chenyewe cha mada, kabla karatasi haijaondoka Kisangani.