Gharama Kabla ya Ugonjwa: Kadi ya Bima na Chandarua katika Matumizi ya Kaya Tanzania, 1967–2023

Katika historia ya afya nchini Tanzania, matumizi ya kaya yamezoeleka kujadiliwa kuanzia mwaka 1993, pale ada ziliporejeshwa katika hospitali za umma. Mtazamo huo unaficha jambo moja la msingi: hata matibabu yalipokuwa bure, afya haikuwa bure. Nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitalini, chakula chake awapo wodini, sabuni, na kuni za kuchemshia maji ya kunywa vilitoka katika mfuko wa kaya. Makala hii inajenga hoja kwamba badiliko kubwa la kipindi hiki halikuwa kuanza kwa malipo, bali kuhama kwa malipo kutoka wakati wa ugonjwa kwenda kabla ya ugonjwa.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilijitwika jukumu la kutoa huduma kwa wananchi wote na kupanua zahanati na vituo vya afya vijijini. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara, ingawa hospitali za mashirika ya dini ziliendelea. Msukosuko wa uchumi wa miaka ya 1980 uliudhoofisha mpango huo. Dawa ziliadimika, na huduma iliyokuwa bure ikawa haina tiba ya kutoa. Mwaka 1991 huduma binafsi ziliruhusiwa tena, na mwaka 1993 sera ya uchangiaji gharama ilianza katika hospitali kubwa kabla ya kushuka ngazi za chini. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 walisamehewa ada. Masikini nao walistahili msamaha, lakini walipaswa kuthibitishwa, na uthibitisho huo haukuwa rahisi kupatikana.

Malipo ya papo kwa papo yalikuwa na kasoro moja iliyojulikana vyema na wakulima: ugonjwa haungoji mavuno. Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, ulikusudiwa kuiziba kasoro hiyo. Kaya ilichangia kiasi maalumu kwa mwaka, shilingi 5,000 katika hatua za mwanzo, na serikali ikaongeza kiasi kinacholingana kwa utaratibu ulioitwa “tele kwa tele”. Katika wilaya ya wakulima wa pamba, mchango uliweza kutolewa fedha zinapopatikana, na kadi ikatumika zinapokwisha. Sheria ya mwaka 2001 ilieneza mfuko huo. Mwaka huohuo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ulianza kuwahudumia watumishi wa umma kwa makato ya mshahara. Hapo ndipo tofauti ilipojitokeza: mchango wa mtumishi ulikatwa kabla hajaushika, ilhali wa mkulima ulishindana kila mwaka na ada ya shule, mbegu na chakula. Kaya iliyopita mwaka bila kuugua, au iliyofika zahanati na kukosa dawa, ilikuwa na sababu ya kuona fedha yake imepotea.

Historia ya chandarua inaonesha mvutano huohuo kwa namna nyingine. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mradi wa KINET wa miaka ya 1990 uliuza vyandarua na dawa ya kuvitia kwa jina la “Zuia Mbu”. Tathmini yake ilihusisha vyandarua vyenye dawa na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Hata hivyo, chandarua cha wakati huo kilihitaji kutiwa dawa upya mara kwa mara. Familia iliona kitambaa, lakini haikuiona dawa inavyopungua, hivyo gharama hiyo ya pili ndiyo iliyoachwa kwanza. Vyandarua vya dawa ya muda mrefu viliihamishia kazi hiyo kiwandani.

Mwaka 2004 mpango wa Hati Punguzo ulimpa mjamzito hati kliniki ili anunue chandarua dukani kwa bei nafuu. Alipaswa kujazia kiasi kilichobaki, na kiasi hicho, ingawa kidogo, kilitosha kuwazuia baadhi ya wanawake wa kaya masikini. Mwaka 2009 nyongeza hiyo iliwekwa kuwa shilingi 500, na baadaye kampeni za ugawaji wa bure zikafuata.

Mifano hii miwili inaonesha kwamba familia hazikupuuza kinga. Zilipima kila gharama kwa msimu wa kipato, kwa manufaa yanayoonekana, na kwa uhakika wa kupata kilicholipiwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 inarithi swali lilelile la Igunga: si kama kaya iko tayari kulipa kabla ya kuugua, bali kama itaikuta dawa siku itakapougua.