Daftari la Mshauri Husomwa na Nani? Hoja Kuhusu Imani ya Mwalimu kwa Mshauri wa Ufundishaji

Miongozo mingi ya kuwaandaa washauri wapya wa ufundishaji huanza na tabia: mshauri asalimie vizuri, asikilize, anywe chai na walimu kabla hajaomba kuingia darasani. Ushauri huo ni mwema, lakini hautoshi. Unauchukulia woga wa mwalimu kuwa suala la hisia, ilhali mwalimu anapiga hesabu. Akimwona mgeni ameketi nyuma ya darasa na daftari, hujiuliza kwanza yanayoandikwa pale yatamfikia nani.

Kwamba ushauri wa darasani unafaa, hakuna ubishi mkubwa. Kraft, Blazar na Hogan (2018) walichambua tafiti 60, nyingi za Marekani, wakaona ufundishaji na matokeo ya wanafunzi yakiimarika, ingawa faida ilipungua programu zilipopanuka. Katika jimbo la North West, Afrika Kusini, Cilliers na wenzake (2019) waligundua kwamba kumtembelea mwalimu darasani kulileta takriban mara mbili ya faida ya kumwita kwenye mafunzo ya pamoja.

Mzozo uko kwenye imani. Bryk na Schneider (2002), waliochunguza shule za msingi za Chicago, waliijenga juu ya heshima, umahiri, kujaliana na uadilifu. Miongozo imeyakumbatia heshima na kujaliana, ikausahau uadilifu, yaani mtu kutenda alichoahidi. Kwa mshauri mgeni, naona huo ndio msingi.

Ushahidi ninaoutegemea unatoka Kenya. Kuanzia 2015, programu ya kusoma ya Tusome iliwatumia maafisa wa kusaidia utekelezaji wa mtaala, CSO. Mwajiri wao ni Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC), tume hiyohiyo inayowaajiri walimu na kusimamia tathmini ya utendaji wao. Mwalimu alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Tuitazame ziara yenyewe ilivyokuwa. Afisa anaingia darasa la kwanza na kishikwambi, anafuatilia somo akijaza hatua baada ya hatua. Kisha anawaita watoto watatu waliochaguliwa kwa nasibu, wanasoma mmoja mmoja, maneno sahihi yakihesabiwa kwa dakika. Baada ya hapo anaketi na mwalimu. Kifaa hichohicho kinarekodi mahali afisa alipo, na nauli yake inarejeshwa kulingana na ziara alizofanya kweli.

Piper na wenzake (2018) wanayahusisha mafanikio ya Tusome na matumizi ya takwimu katika ngazi zote. Nakubali, ila nauliza takwimu hizo zilimbana nani. Kwa kiasi kikubwa zilimbana afisa: alifika au hakufika. Mwalimu alikutana na mgeni ambaye naye anapimwa, na mazungumzo yao yaliweza kuanzia kwa mtoto aliyekwama kwenye sentensi badala ya kwenye andalio la somo lisilosainiwa. Siwezi kudai kwamba hilo pekee lilileta matokeo, lakini linaeleza kwa nini ziara zenye takwimu nyingi hivyo hazikulazimika kugeuka ukaguzi.

Nikisema maelezo ya darasani yasitumike kumripoti mwalimu, watakaopinga watasema asiyeripotiwa atalegea. Uwajibikaji una wenyewe: mwalimu mkuu na wathibiti ubora. Hoja nzito zaidi inatoka Tanzania, ambako Afisa Elimu Kata ni msimamizi na pia hutarajiwa kuwa mlezi wa kitaaluma; bajeti haitoi watu wawili. Basi kama kofia hizo mbili haziwezi kutenganishwa, zitenganishwe karatasi. Maelezo ya somo yabaki kwa mwalimu. Zinazopanda ngazi ziwe takwimu za jumla zisizo na jina. Ahadi hiyo itolewe siku ya kwanza, mwalimu na mwalimu mkuu wakiwa pamoja. Na somo la kwanza alifundishe mshauri, daftari likiwa mkononi mwa mwalimu.

Halmashauri au kaunti isiyoweza kulinda ahadi hiyo isimpeleke mshauri darasani. Itakuwa imemtuma mkaguzi, na walimu watamfundishia somo la maonyesho.