Oto Haitengenezwi? Safari ya Gia Boksi Kutoka Kwenye Meli za Wajerumani Mpaka Gerezani

Leo tunaacha kidogo mambo ya mastaa na nani kamwagana na nani. Kuna stori imenikaa kichwani tangu mwezi wa sita, nisipoitoa nitapasuka. Ni ya gari, lakini hata kama huna gari soma tu, maana za watu unapanda kila siku.

Nina mjomba wangu, jina kapuni, anaendesha taksi ya mtandao hapa Dar. Gari yake Mjapani, oto, gia nne. Siku hiyo anatoka Mbezi na abiria, anakanyaga mafuta, injini inalia kama imeonewa lakini gari haiendi. Abiria akashuka akapanda bodaboda. Mjomba akachomoa stiki ya oili ya gia boksi. Badala ya oili nyekundu safi, akakuta kitu pinki kizito kama maziwa ya stroberi. Maji ya rejeta yalikuwa yamepenya ndani na kuchanganyika na oili.

Fundi wa kwanza hata hakulala chini ya gari. "Mjomba, oto haitengenezwi. Hiyo tupa, tafuta ya mtumba." Hela ya ya mtumba hakuna. Fundi wa pili akakubali kuifungua. Akabadilisha pleti za klachi na sili, akafunga, gari ikaondoka vizuri. Wiki tatu tu, kimenuka tena vilevile. Na ile pesa iliyotumika ilikuwa ya kumpeleka binti yake kidato cha tano: godoro, tranka, nauli, michango, vyote vimeishia kwenye oili.

Binti hakulia. Alikaa kimya, na ndio ilituuma zaidi.

Mimi sijasomea ufundi, form four yangu naijua mwenyewe. Lakini lile neno "oto haitengenezwi" likanikera. Nani kasema? Tangu lini? Nikaanza kuchimba, usiku kucha bando linakata. Kumbe hii kitu ina historia tamu kuliko tamthilia.

Ilianzia majini

Mwanzo wake sio gari kabisa. Ni meli. Miaka ya 1900 mwanzoni kulikuwa na injinia Mjerumani, Hermann Föttinger, anafanya kazi kwenye kiwanda cha kutengeneza meli mji wa Stettin, ambao leo uko Poland na unaitwa Szczecin. Shida yao ilikuwa hii: injini mpya za tabo za mvuke zilizunguka kwa kasi sana, lakini panga la meli linataka kuzunguka taratibu. Ukiliunga moja kwa moja unapoteza nguvu.

Föttinger akaja na wazo ambalo mwaka 1905 alilichukulia hataza: kwa nini chuma kigusane na chuma? Nguvu ibebwe na maji.

Ili umuelewe, chukua feni mbili uzielekezanishe. Washa moja. Ile iliyozimwa nayo itaanza kuzunguka, imesukumwa na upepo tu. Sasa badala ya upepo weka oili, zifungie zote mbili ndani ya chombo kimoja cha duara kama donati kubwa, halafu katikati weka kifeni cha tatu ambacho kazi yake ni kuigeuza oili inayorudi ili isaidie kusukuma badala ya kupinga. Hicho cha tatu ndio siri. Kwa ajili yake, gari linapoanza kuondoka nguvu inaweza kuongezeka kama mara mbili. Dude zima ndio toku konveta. Ndio sababu ukiwa na oto unasimama kwenye mataa, gia imeingia, na injini haizimi: oili inateleza tu mle ndani ikikusubiri.

Marekani wakaipeleka barabarani

Miaka mingi gari ilikuwa ya manyuo, na gia zilikuwa zinalia kama mashine ya kusaga. Jamaa anaitwa Earl Thompson ndiye aliyeleta ule mfumo unaofanya gia ziingie bila kusaga, ukatoka kwenye Cadillac mwaka 1928. Hakutosheka. Timu yake ndani ya General Motors ikaendelea, na mwishoni mwa 1939 wakatoa Hydra-Matic kwenye Oldsmobile za mwaka 1940. Gia nne, hakuna pedali ya klachi. Ndio oto ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ikauzwa kwa watu wa kawaida.

Ila hiyo ilikuwa na feni mbili tu, haikuwa na kile kifeni cha tatu. Vita Kuu ya Pili ikaingia, Hydra-Matic zikafungwa kwenye vifaru vya M5 Stuart. Fikiria kifaru cha oto. Dereva kazi yake kushika uelekeo na kumuomba Mungu.

Vita ilipoisha, mwaka 1948 Buick wakatoa Dynaflow yenye toku konveta kamili. Ilikuwa laini kama unateleza kwenye sabuni, lakini nzito kuchanganya, mpaka watu wakaitania. Mwaka 1950 Chevrolet wakaleta Powerglide, gia mbili tu, kwa bei ya watu wa kawaida. Hapo ndio oto ikaacha kuwa ya matajiri.

Moto, na watu ambao hatuwajui

Tarehe 12 Agosti 1953, kiwanda cha Hydra-Matic kilichoko Livonia, karibu na Detroit, kikashika moto. Ilikuwa cheche za kazi ya kuchomelea. Kiwanda kikubwa kikaisha, na wafanyakazi wakafa humo. Ghafla Cadillac na Oldsmobile hawana gia boksi. Walifanyaje? Wakachukua Dynaflow za Buick wakazifungia kwenye gari zao. Pontiac wakafungiwa Powerglide. Kabla mwaka haujaisha uzalishaji ulikuwa umehamia Willow Run, jengo ambalo wakati wa vita lilikuwa linatoa ndege za mabomu.

Hapa ndio nilisimama kusoma nikafikiri. Vitabu vinamtaja Thompson, vinamtaja Föttinger. Lakini ni mafundi waliokaa chini wakafanya gia boksi ya Buick ikubali kukaa kwenye Cadillac, gari kwa gari. Majina yao kapuni. Na zile gia boksi zilipoanza kuchoka, kina nani walizifungua? Gereji za mtaani. Mwaka 1954, mwaka mmoja tu baada ya moto, wafufuaji wa gia boksi za oto Marekani wakaanzisha chama chao. Kwa hiyo mdau, kufufua oto ni fani yenye chama tangu kabla Tanganyika haijapata uhuru. Sasa huyu anayekuambia haitengenezwi kaitoa wapi?

Nyangumi kwenye gia boksi

Hii itakushangaza. Miaka hiyo oili ya oto ilichanganywa na mafuta ya nyangumi. Kweli kabisa. Yalivumilia joto na yalifanya pleti za klachi zishikane kwa upole. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ikapiga marufuku biashara hiyo kwa sababu nyangumi walikuwa wanaisha, na viwanda vikahangaika kutafuta mbadala. Funzo ni moja: kwenye oto, oili sio kilainishi tu. Ndio inayobeba nguvu, ndio inayobana klachi, ndio inayopoza. Ukiingiza maji humo, zile pleti zilizogandishwa kwa gundi zinabanduka. Maziwa ya stroberi ya mjomba ndio yalikuwa hayo.

Japani wakaipokea, sisi tukaipokea kwao

Toyota walitoa oto yao, Toyoglide ya gia mbili, mwaka 1959. Mwaka 1969 kampuni ya Kijapani Aisin Seiki ikaungana na BorgWarner ya Marekani kuanzisha Aisin-Warner, na oto nyingi za Kijapani zinazotembea mjini kwetu zina ukoo wa huko. Mafuta yalipopanda bei baada ya 1973, watengenezaji wakakazana kuweka klachi ndogo ndani ya toku konveta. Kazi yake ni kuzibana zile feni zizunguke pamoja ukiwa kwenye mwendo, mafuta yasipotee bure.

Sikiliza sasa, hapa ndio kesi ya mjomba ilipojificha. Toku konveta nyingi za zamani zilifungwa kwa bolti, unafungua unasafisha. Za siku hizi zimechomelewa mzunguko mzima. Uchafu wote wa klachi zilizokufa unaingia mle na oili, unakaa. Ukisuuza kwa nje hautoki wote. Fundi wa pili alibadilisha kila kitu, akarudisha toku konveta ileile ya uchafu, na rejeta ileile inayovuja. Siku ya kwanza tu gari ilipowashwa, sumu yote ikarudi kwenye pleti mpya.

Fundi wa tatu

Nikamwambia mjomba, tutafute mtu wa kuikata. Tukaelekezwa Gerezani, kwa mzee mmoja, jina kapuni kwa sababu mwenyewe kakataa. "Ukiniandika watakuja wengi, mimi nina mikono miwili," kasema.

Mzee aliweka toku konveta kwenye mashine ya kukereza, akaula ule mshono wa welding taratibu mpaka likafunguka kama sufuria mbili. Ndani, tope jeusi. Mjomba akaangalia kidogo, akageuza uso. Mzee akaosha kila panga, akabadilisha utando wa ile klachi ndogo, beringi na sili, akapima kama limenyooka, akachomelea, akalijaza upepo na kulizamisha majini kuona kama linatoa povu. Rejeta akakataa kabisa kufunga ya zamani. Pampu na valvu vikaoshwa mpaka vinang'aa, pleti zikalowekwa kwenye oili kabla ya kufungwa.

Wakati wa kurudisha alituita tuone. Unamimina oili kwanza kwenye toku konveta, halafu unalizungusha huku unalisukuma. Linaingia "tak". Unazungusha tena, "tak" nyingine. Mpaka lizame lote. Mwenye haraka anaishia tak ya kwanza, anavuta kwa bolti, anavunja pampu, halafu anakuja kukuambia oto haitengenezwi.

Nikamuuliza mzee alijifunzia wapi. "Kwa aliyenifundisha," akajibu. Na yeye je? "Kwa aliyemfundisha." Basi.

Binti aliripoti shule kachelewa wiki mbili, tranka ya kuazima. Gari inatembea mpaka leo, na kila mjomba akipita Gerezani anapiga honi hata kama mzee hamuoni.

Wadau, zipo boksi zilizopasuka za kutupwa kweli, sibishi. Ila kabla hujatupa, uliza swali moja: toku konveta mmelifungua? Fundi akikwepa macho, chukua gari yako uondoke. Ijisukume hata kwa mkono.

Wewe ulishawahi kuambiwa oto haitengenezwi? Ilikuwaje? Shusha komenti hapo chini, majina ya mafundi tuyaweke kapuni.