Karte grafiki katika ordinatere ya zamani: mambo ya kupima mbele ya kutosha dola

Ordinatere nyingi za mezani zinazouzishwa kama okazioni Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia ni za chapa Dell OptiPlex, HP Compaq na HP EliteDesk. Zilitumika kwanza katika mabiro ya inchi za mbali, kisha zikatoshwa pale kampuni zilipochukua mapya. Ni mashini nguvu. Zinaandika barua, zinachapisha mafotokopi za sekretaria, zinaonyesha filme. Shida inaanza siku kijana wa nyumba anataka kuchezea GTA V ao FIFA ya miaka hii, na picha inakatika-katika kama filme ya CD iliyokwaruzwa.

Ordinatere haijaharibika. Katika OptiPlex 7010, kwa mufano, iliyotoka 2012, kazi yote ya kuchora picha inafanywa na sehemu ndogo iliyo ndani ya prosesa, ile inaitwa Intel HD Graphics. Haina memoare yake yenyewe. Inakopa kwenye RAM. Kwa Word inatosha, kwa PES 2013 inajikaza. Lakini kwa GTA V, watengenezaji wenyewe walishauri karte ya aina ya GTX 660 yenye giga 2 za memoare. Karte grafiki ni kibao cha pembeni kinachokuja na prosesa yake ya picha, memoare yake na vantilatere yake. Kinaingizwa katika fasi ndefu kwenye karte mama, inaitwa PCI-Express x16.

Mupaka hapo kila mutu anajua. Wengi wanapoteza feza zao kwenye swali la umeme.

Wati kwanza, jina la karte kisha

Ile fasi ya PCI-Express inaweza kupatia karte wati 75, haipiti hapo. Karte inayoomba zaidi inaletewa umeme na kable ya pekee kutoka alimentasio, ni kusema lile boksi la chuma la nyuma fasi waya wa ukuta unaingilia. Fishi ya misumari 6 inaongeza wati 75, ya misumari 8 inaongeza wati 150. Ordinatere za biro, mara nyingi, hazina hata moja kati ya kable hizo. Mutengenezaji hakuwaza kama kuna mutu atakuja kuchezea mupira juu yake.

Alimentasio yenyewe nayo ni ndogo. OptiPlex 7010 ya kusimama (ile kubwa) iko na wati 275. Ndugu yake ya kulala, nyembamba, iko na wati 240. Ile ndogo kabisa iko na wati 200, na haina hata fasi ya kuingizia karte. Mwenye kuwa na hiyo asiumize kichwa. Chukua sasa RX 580, karte ambayo wauzishaji wanaisifu sana kwa sababu ni kweli ina nguvu. Peke yake inakula wati 185. Prosesa i5-3470 imepimwa wati 77. Hesabu imekwisha fika 262, na disiki, vantilatere na karte mama hazijahesabiwa. Ordinatere itazimika katikati ya mechi, ao siku moja itakataa kuwaka. Na kama ni ile ile inayochapisha CV na mafotokopi za wateja asubuhi, hasara haiko tena ya muchezo: ni kazi ya nyumba inasimama.

Kuna mafundi wanaopendekeza kable ya kugeuza, inayochukua umeme kwenye fishi ya disiki na kuupeleka kwa karte. Fishi ya disiki haikutengenezwa kwa muzigo ule. Inapata moto, plastiki inayeyuka. Kukataa ni bora. Kubadilisha alimentasio yote ni njia ya heshima, lakini haiwezekani kila fasi: katika OptiPlex 9020 na HP EliteDesk 800 G1, fishi inayoingia kwenye karte mama haifanani na ile ya kawaida ya misumari 24. Inaomba kable ya pekee, na mara nyingi boksi lenyewe lina kipimo chake.

Kwa hiyo kwa mashini hizi jibu la akili ni karte isiyopita wati 75 na isiyoomba kable. GT 1030 ya 2017 inakula wati 30 tu. Ni ndogo na haina kelele, lakini mutu achunge: iko ya memoare GDDR5, na iko nyingine ya DDR4 iliyokuja 2018, jina moja, nguvu chini sana. GTX 750 Ti ya 2014 inakula wati 60 na mpaka leo inachezesha GTA V vizuri. GTX 1050 Ti ya 2016, yenye giga 4, na GTX 1650 ya 2019 ziko kwenye wati 75 kamili. Lakini viwanda vingine vilizitengeneza na fishi ya misumari 6, kwa hiyo macho yaangalie ubavu wa karte mbele ya kulipa. RX 6400 ya 2022 inakula wati 53 na iko ya kisasa zaidi, ila inatumia njia nne tu za PCI-Express. Katika ordinatere ya zamani inapoteza sehemu ya nguvu yake.

Umbo nalo linahesabika. Ordinatere ya kulala inapokea karte fupi tu, yenye bamba fupi la chuma. Kupima na rula, kimo na urefu na unene, ni dakika mbili.

Karte ya uongo

Hapa ndipo mutego mukubwa. Tangu miaka kadhaa kuna karte za zamani, kama GTS 450 ya 2010, ambazo watu wanabadilisha programu ya ndani ili ordinatere iseme ni GTX 1050 Ti. Windows inaamini. Muuzishaji naye pengine anaamini, kwa sababu alinunua katoni nzima na hakufungua kitu. Muchezo ndio unasema ukweli: picha inakwama, ao ekrani inakuwa nyeusi.

Alama moja inaonekana bila kuwasha kitu. GTX 1050 Ti ya kweli haitoi VGA, ile fishi ya buluu yenye matundu 15. Karte yenye jina hilo na yenye fishi ya VGA nyuma, irudishwe kwenye meza. Alama ya pili inaomba ordinatere: programu ndogo ya bure inayoitwa GPU-Z inasoma karte yenyewe, si jina lililoandikwa, na tangu 2018 inaandika neno FAKE mbele ya jina ikitambua uongo. Programu hiyo inabebwa kwenye kle USB. Muuzishaji anayekataa karte yake ipimwe, amekwisha jibu.

Karte zilizofanya kazi ya kutafuta sarafu za intaneti ni jambo lingine. Kisha Ethereum kuacha njia hiyo mwezi wa 9, 2022, nyingi ziliingia sokoni. Si za uongo, lakini zilizunguka usiku na muchana. Vantilatere zake ndizo za kuangalia kwanza.

Ekrani, na makosa ya kila siku

Ile habari ya VGA inaleta shida nyingine, kwa sababu ekrani nyingi za muji ziko za VGA tu. Kwa GTX 1050 Ti itaombwa kigeuzi cha HDMI ao DisplayPort kwenda VGA, kile chenye kadude ka elektroniki ndani. Kile cha bei ya chini cha kugeuza DVI peke yake hakitafanya kitu. Bei yake ihesabiwe mbele. Na kisha kuingiza karte, kable ya ekrani ichomekwe kwenye karte, si fasi yake ya zamani. Inachekesha, lakini watu wanarudisha karte nzima kwa sababu hiyo tu.

Kazi ya kuingiza ni nyepesi: kuzima, kutosha waya wa ukuta, kugusa chuma cha boksi ili umeme wa mwilini utoke, kusukuma karte mpaka kafungio kalie, kufunga visi. Wakati boksi liko wazi, vumbi lipulizwe. Goma, na vumbi nyeusi ya mawe ya volkano, vantilatere inaziba haraka kuliko wanavyoandika katika vitabu vya matumizi.

Ekrani ikibaki nyeusi, isisemwe mara moja kwamba karte imekufa. Ordinatere za mbele ya 2012 mara nyingi hazielewani na karte mpya kwa sababu ya BIOS yake. Pengine kuna BIOS mpya zaidi kwenye site ya mutengenezaji. Mwenye kuwa na mashini ya wakati ule ajaribishe kwanza dukani na mashini yake mwenyewe.

Kisha kunabaki piloti, programu inayofundisha Windows kutumia karte. Ile ya Nvidia inapita mega 500, kwa hiyo ni bora kuichukulia fasi kuna wifi kuliko kumaliza forfe ya telefone. Ijulikane pia kwamba Nvidia ilitoa piloti za mwisho za michezo kwa GTX 750 Ti na 1050 Ti mwezi wa 10, 2025. Kisha hapo ni za usalama tu. Kwa michezo iliyokwisha toka hakuna kinachobadilika. Kwa ile itakayokuja, GTX 1650 ndiyo itadumu zaidi.

Na karte haibebi yote. EA Sports FC 24 inaomba, kama kiwango cha chini, GTX 1050 Ti, lakini inaomba pia RAM ya giga 8 na prosesa i5-6600K, ambayo inapita kwa mbali i5-3470. Mutu mwenye RAM ya giga 4 aanze na RAM. DDR3 ya okazioni ni bei ndogo, na barete mbili za giga 4 zinafanya kazi vizuri kuliko moja ya giga 8. Anayecheza PES 2013 tu, feza yake ibaki mufukoni. Na bei ya karte pamoja na kigeuzi na RAM ikikaribia bei ya ordinatere nyingine ya kusimama, ya miaka ya karibuni, hesabu inageuka.

Mwenye kufungua sale ya muchezo aweke pia akiba kwa stabilizatere, juu ya umeme unaokatika na kurudi na nguvu. Ondilere iliyoandikwa 650 VA haimaanishi wati 650: mara nyingi ni karibu 360 ao 390, na ekrani inakula humo pia.