Ruhusa ya Bwana Ilitoka Wapi?

Ndugu zangu vijana, kila tukikaa kwa kikundi hapa Bwera kuongea mambo ya mapenzi na ndoa, lazima mtu mmoja aseme: "Hiyo ya bibi na bwana kuwa sawa ni ya Wazungu. Kwetu, mwanamke anaomba ruhusa." Wengine wanapiga makofi. Mimi pia zamani nilipiga. Leo tuulize: hiyo ruhusa ilitoka wapi?

Nianze na mama yangu. Tulipokuwa bado Butembo, alikuwa anauza vitenge na chumvi. Siku moja alienda benki kuomba mkopo. Wakamwambia alete karatasi ya baba. Baba alikuwa mbali, kwenye machimbo ya dhahabu, simu haipatikani. Mama akarudi mikono mitupu, biashara ya mwaka ule ikampita. Na hawakumwambia "mila". Walimwambia "sheria".

Kweli ilikuwa sheria. Sheria ya familia ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, ilisema kwenye kifungu cha 444 kwamba mke amtii bwana. Kifungu cha 448 kikasema mke asifanye jambo la kisheria linalomfunga bila ruhusa ya bwana.

Tufuate huu mto mpaka unapoanzia. Mwaka 1804 Napoleon alitoa kitabu cha sheria za Ufaransa. Kifungu cha 213 kilisema: bwana amlinde mke, mke amtii bwana. Ubelgiji wakati ule ilikuwa chini ya Ufaransa, na hata ilipojitegemea mwaka 1830 ilibaki na kitabu kile. Halafu Wabelgiji wakaja kututawala, na sheria zao mkononi. Wenyewe waliondoa mamlaka ya bwana juu ya mke mwaka 1958. Huko Ufaransa, mwanamke aliyeolewa alingoja mpaka 1965 ndipo aweze kuajiriwa na kufungua akaunti ya benki bila bwana kukubali. Hiyo ni juzi tu! Hawa Wazungu tunaosema wamezaliwa na usawa, nyanya zao waliomba ruhusa kama mama yangu.

Ajabu ni hii. Mwaka 1972 Mobutu aliamuru watu waache majina ya Kizungu, eti turudi kwa asili yetu. Miaka 15 baadaye, utawala wake huo huo ukaandika utii wa Napoleon ndani ya sheria. Jina la Jean lilitupwa kama kitu cha wageni. Ruhusa ya bwana ikabaki, ikaitwa mila.

Sisemi nyanya zetu walikuwa huru. Banande na Bakonzo ni watu wamoja, mpaka tu ndio umewagawa, na pande zote mbili mbuzi za mahari zilitolewa na neno la wazee wanaume lilikuwa zito. Lakini hakuna mzee wetu aliyeandika kwamba mwanamke asiuze chumvi bila karatasi.

Na usawa nao haukuletwa na Wazungu peke yao. Huku Uganda, Katiba ya 1995, kifungu cha 31, inawapa bibi na bwana haki sawa katika ndoa. Shirika la MIFUMI, la Waganda, lilipeleka mambo ya mahari mahakamani, na Agosti 2015 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha Katiba. Kule kwetu Kongo, wanawake walipigania haki yao mpaka tarehe 15 Julai 2016, sheria ikabadilishwa, ile ruhusa ikaondoka.

Leo mama anauza vitenge sokoni Mpondwe, karibu na daraja. Hakuna anayemuuliza karatasi ya baba.

Basi kwa kikao kijacho, atakayesema "ni mila yetu" atuambie ni mzee gani aliyeianzisha. Kama ni Napoleon, tumrudishie.