Mzigo Uliomshinda Nyumbu

Kila tunapozungumza na jamaa zetu hapa Maskati juu ya misafara ya bara, kuna swali moja ambalo haliishi kurudi. Mara ya mwisho aliliuliza kijana mmoja, mjukuu wa watu waliofanya biashara Tabora kabla ya kurejea Oman. Alisema: Wazee wetu walitoka nchi ya ngamia na punda. Walijua kufunga mizigo, walijua kupakia, walijua kupanda. Ilikuwaje basi, walipofika bara, pembe za ndovu zikapanda mabegani mwa watu? Hawakuwa na akili ya kuleta nyumbu?

Swali hili hujibiwa kwa haraka. Wengine husema wazee walizoea watumwa, basi hawakuwa na haja ya mnyama. Wengine husema njia zilikuwa nyembamba, hazipitiki. Kila jibu lina ukweli wake, lakini hakuna linalotosheleza. Tuanze na mnyama mwenyewe, kisha tumfuate mpaka pale aliposhindwa.

Nyumbu tunayemkusudia si yule wa porini, wa mbuga za Serengeti. Hao wanashirikiana jina tu. Huyu ni mtoto wa punda dume na farasi jike. Waarabu humwita baghl, na jike lake baghla; wazee wa pwani nao wakasema baghala. Watu wa bahari wanalijua neno hilo kwa njia nyingine, kwani majahazi makubwa ya Ghuba, yale yenye shetri ya kuchongwa yaliyokuwa yakiteremka Unguja na kaskazi, nayo yaliitwa baghala, na kwa Kiarabu maneno hayo mawili huandikwa sawasawa.

Wala nyumbu hakuwa mgeni katika elimu yetu. Katika Suratun-Nahl, aya ya 8, ametajwa pamoja na farasi na punda kuwa ni kipando na pambo. Kila aliyesoma chuoni amesikia habari za Duldul, nyumbu ambaye Mtume (S.A.W.) aliletewa na Muqawqis kutoka Misri. Huko Uajemi, mizigo iliyoshuka bandari ya Bushehr ilipandishwa milimani hadi Shiraz kwa nyumbu. Huko Uhabeshi wakubwa walisafiri juu ya nyumbu, na jina lake kwa Kiamhara, baqlo, ni la ukoo mmoja na baghl. Oman yenyewe ilimtegemea zaidi punda, yule wa Jabal Akhdhar aliyekuwa akishuka na makomamanga hadi Birkat al-Mawz, lakini ilmu ya kumpakia punda na ya kumpakia nyumbu ni moja.

Ilmu hiyo inahitaji kuelezwa, kwa sababu wajukuu wetu wamezaliwa katika zama za magari. Nyumbu amepata kimo na nguvu kwa mama, na kwato ngumu na subira kwa baba. Hazai, kila nyumbu ni lazima atafutiwe upya baba wa jinsi moja na mama wa jinsi nyingine, na ndiyo maana bei yake haikuwa ndogo. Watu wamempa sifa ya ukaidi. Waliofanya naye kazi husema ni hadhari: akiona ardhi haimchukui hasogei, akitosheka huacha kula, na akielemewa husimama. Farasi anaweza kukimbizwa mpaka akafa chini ya mpandaji wake. Nyumbu hakubali jambo hilo kwa urahisi.

Mwenye kumfunza huanza na hatamu, akamzoeza kuongozwa, kisha kuguswa masikio na kuinuliwa miguu. Humtandika horji tupu siku kadhaa, mpaka mgongo uache kushtuka. Baadaye humwekea magunia mepesi ya mchanga, yaliyo sawa pande zote mbili, ndipo mzigo wa kweli, nao huongezwa kidogo kidogo. Mzigo mzima hungoja mpaka atimize miaka minne hivi, mifupa ikomae. Akipigwa siku za mwanzo hasahau, na aliyempiga atamlipa siku asiyoitazamia. Katika msafara mrefu mbele huwekwa farasi jike mwenye kengele shingoni, na nyumbu humwandama bila kufungwa kamba, kwa kuwa jinsi yao hupenda kufuata jike la farasi.

Kupakia nako ni hesabu. Uzito wa kulia uwe sawa na wa kushoto. Upande mmoja ukizidi, tandiko huvuta, ngozi huchubuka, na kidonda cha mgongoni humtoa mnyama kazini kwa wiki nyingi. Ukanda wa kifuani huuzuia mzigo usirudi nyuma katika kupanda, na ule wa chini ya mkia huuzuia usiteleze mbele katika kushuka. Ukanda wa tumbo hukazwa tena baada ya mwendo mfupi, maana mzigo ukishatulia hulegea. Wenzetu wa Lamu wanaijua kanuni hiyo hiyo kwa shogi: mchanga au mawe ya kulia hayazidi ya kushoto, na punda hupita vichochoroni bila kuyumba.

Sasa tulinganishe. Jeshi la Uingereza lilihesabu ratili 160 hivi, yaani kilo 72, kuwa mzigo wa kawaida wa nyumbu mmoja mbali na matandiko yake. Mpagazi katika njia ya Bagamoyo hadi Ujiji alichukua ratili 60 hadi 70, karibu frasila mbili. Kwa hesabu tupu, mzigo wa wapagazi 500 ungebebwa na nyumbu 200 na ushei. Mfanyabiashara yeyote wa Kihindi au wa Kiarabu aliyekaa Unguja aliweza kuipiga hesabu hiyo. Kama haikufuatwa, si kwa kuwa hakuna aliyeiona.

Wageni waliopita njia hizo walijaribu. Burton na Speke waliondoka pwani mwaka 1857 wakiwa na punda; wengi walikufa kabla hawajafika Unyanyembe. Stanley alitoka Bagamoyo mwaka 1871 na punda 27 na farasi wawili. Farasi wote wawili walikufa katika siku za mwanzo za safari, na punda wakaendelea kupungua njiani.

Jaribio linalotufaa zaidi ni la Livingstone, kwa sababu lilikuwa la makusudi. Mwezi Machi 1866 aliteremka Mikindani akitokea Unguja na ngamia sita, nyati wa kufugwa watatu na ndama, nyumbu wawili, na punda wanne. Alitaka kujua ni mnyama gani atakayestahimili mbung'o, kwani alikwisha kumwona nzi huyo akiua ng'ombe katika safari zake za kusini. Wanyama waliumwa na mbung'o. Lakini pia walipakizwa kupita kiasi, na askari wa Kihindi waliopewa kuwachunga waliwapiga na kuwajeruhi. Walikufa mmoja baada ya mwingine, hata Livingstone akashindwa kuamua ni nani aliyewaua, nzi au fimbo.

Jibu la nzi lilikuja baadaye. Mwaka 1895 David Bruce, tabibu wa jeshi la Uingereza aliyekuwa Zululand, alithibitisha kwamba maradhi ya nagana yanasababishwa na kijidudu kinachoishi katika damu, na kwamba mbung'o ndiye anayekihamisha kutoka kwa wanyama wa porini kwenda kwa wa kufugwa. Nyati mwitu na swala hukaa nacho bila kudhurika sana. Farasi, nyumbu na ngamia hukonda, macho hutoa maji, tumbo na miguu huvimba, na baada ya wiki au miezi huanguka. Nguvu ambayo nyumbu ameirithi kwa mama yake haimkingi, kwani farasi ni katika wanyama wanaodhurika upesi zaidi.

Ndiyo maana ramani ya wanyama wa kupanda ilikuwa ramani ya mbung'o. Unguja punda mweupe wa Maskati aliishi vizuri, akapambwa kwa hina na kupandwa na wakubwa. Unyamwezi walikuwa na punda wao, kihongwe, mwenye nguvu na mgumu kufundishika. Wamasai walihamisha nyumba zao kwa punda katika nyanda zisizo na nzi. Baina ya pwani na nyanda hizo ulikuwepo ukanda wa pori ambao msafara hauna budi kuupita, na humo ndimo mnyama wa gharama alimofia. Wajerumani nao walijaribu huko Kilimanjaro kumfuga punda milia, kwa tamaa kwamba anaihimili nagana. Hakuwa mnyama wa kazi, na jambo hilo likaachwa.

Hapa kijana wetu anaweza kusema: Basi wazee hawana lawama, nzi ndiye mwenye makosa. Tunaomba asifike huko haraka.

Wapagazi wengi walikuwa watu huru, khususan Wanyamwezi, waliofanya upagazi kuwa kazi ya heshima. Walipatana ujira, walikuwa na kirangozi wao na desturi zao, na mzigo usio wa haki waliukataa. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani alihesabiwa kuwa bado hajawa mtu mzima. Hao tunapaswa kuwataja kama mafundi wa safari, sawa na nahodha na serahangi katika jahazi. Lakini walipokosekana, au walipokimbia, mfanyabiashara aliyejaa mali ya mkopo na ahadi za Unguja alikuwa na njia nyingine. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, anasimulia mwenyewe katika Maisha yake kwamba wapagazi wa Uzaramo walipomtoroka, alirudi akawakamata wazee na jamaa zao akawafunga, na watu wakampa jina la Kingugwa. Anayasimulia hayo bila haya. Pamoja na hao walikuwepo watumwa waliobeba mizigo wasiyopatana bei na mtu.

Nzi aliwazuia nyumbu. Hakumwamrisha mtu amtie mwenzake minyororo. Mambo hayo mawili tuyatenganishe, kwani jamaa zetu wengi huyachanganya, ama kwa kuwalaumu wazee kwa yote ama kwa kuwatakasa na yote.

Wala haikuwa aibu ya Waarabu na Waswahili peke yao. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalishuka kutoka Kilimanjaro kuelekea Morogoro na Rufiji. Wakati huo ugunduzi wa Bruce ulikuwa na umri wa miaka zaidi ya 20. Wakubwa wa jeshi walijua kwamba njia yao inapita katika mbung'o, na bado wakaleta farasi na nyumbu kwa maelfu. Matabibu wa mifugo waliwapa wanyama aseniki ili wapate kuishi wiki chache zaidi. Katika miezi ya mwisho ya mwaka huo peke yake walikufa wanyama wapatao 30,000, nyumbu, farasi, ng'ombe na punda, na njia zikanuka mizoga.

Kilichofuata ni kile kile cha njia ya Ujiji. Mzigo ulihamia kwa watu, safari hii kwa amri ya serikali. Wanaume walikusanywa kutoka kila wilaya, wakabebeshwa risasi na unga, wakala mahindi yasiyopikwa vizuri, wakauawa na kuhara, homa ya mapafu na malaria kuliko na risasi. Hesabu rasmi za upande wa Uingereza zinapita wapagazi 40,000 waliofariki, na wanahistoria wengi huziona ni ndogo kuliko ukweli. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Midomo yetu ikalifanya jina hilo Kariakoo, na leo ni mtaa na soko la Dar es Salaam ambalo wengi wetu tulinunua humo vitambaa na viatu vya sikukuu bila ya kujua tunatamka jina la nani. Nairobi ina Kariokor yake.

Kwa hiyo tunamjibu kijana wetu hivi. Wazee hawakukosa akili ya nyumbu. Walimjua, na waliomleta walimzika. Pale aliposhindwa nyumbu, mzigo haukubaki chini. Uliinuliwa na mtu, na kila mtu huyo alikuwa na jina.

Mengi ya majina hayo hayajapotea. Katika masanduku ya familia zilizotoka Unguja, Bagamoyo na Tabora mna daftari za biashara, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo ujira na posho za wapagazi zimetiwa pamoja na idadi ya mitumba na frasila za pembe. Kwa kawaida tunapozifungua hutafuta jina la babu na hesabu ya mali yake. Tunawaomba wenye daftari hizo wazipige picha kabla mchwa na unyevu havijazimaliza, na wanapozisoma wasiishie kwenye jina la mwenye mali. Wasome na mistari ya chini yake, wanakili majina ya waliobeba, wayaandike kama yalivyo, pamoja na kabila na ujira ikiwa vimetajwa. Picha ya babu juu ya punda wake mweupe ibaki ukutani. Tunachoomba ni kwamba anayeuliza nani alichukua mizigo nyuma yake naye apate jibu.